Kilwa Ipi?

Nimekaa Barabara ya Kilwa miaka 22. Nyumba yangu iko Zakhem, Mbagala, hatua chache kutoka kwenye lami. Nimepanda daladala Barabara ya Kilwa, nimenunua nyanya Barabara ya Kilwa, nimeibiwa simu mbili Barabara ya Kilwa. Kilwa yenyewe sikuwahi kufika hata siku moja, hadi mwezi uliopita nilipotumwa.

Aliyenituma ni mke wangu. Mtoto wa dada yake alikuwa anaoa, naye akatangulia wiki nzima "kusaidia mambo ya jikoni", yaani kukaa na dada zake kunisema. Aliniachia maagizo matatu: nije Jumamosi, nije na kanzu iliyopigwa pasi, nije na zawadi. Zawadi alishaifunga mwenyewe kwa karatasi inayong'aa, akaizungushia selotepu kama anayefunga jeraha. Ndani mlikuwa na saa ya ukutani, tena yenye jogoo. Kila saa inapotimia jogoo anawika, na kwa kuwa imetengenezwa huko inakotengenezwa, anawika kwa hesabu ya Kizungu. Saa moja ya asubuhi anawika mara saba. Saa sita mchana anawika mara kumi na mbili, na huyo hamsubiri mtu amalize kuongea.

Nilimpigia simu kumuuliza nishuke wapi.

"Shuka Kilwa," akasema. Nyuma yake nikasikia dada zake wanacheka.

Pale stendi ya Rangi Tatu sikuwa na wasiwasi. Mimi ni mtu wa daladala. Nimeingilia dirishani enzi zile, nikiwa na tai shingoni, na niliwahi kusimama kwa mguu mmoja kutoka Mtoni kwa Azizi Ali hadi Posta. Basi la mkoani litanifanya nini? Tiketi yangu iliandikwa kuripoti saa 11 na nusu alfajiri, kuondoka saa 12 kamili. Nilifika saa 11 na robo. Mpiga debe akanipokonya begi kabla sijamjibu salamu.

"Kilwa, Kilwa, Kilwa! Mzee wangu, Kilwa ndiyo hii, inaondoka!"

"Inaondoka" ni neno linalojitegemea katika Kiswahili cha stendi. Halina uhusiano wowote na magurudumu. Nilipanda, nikakaa, nikamuuliza konda tunasubiri nini.

"Bado mmoja tu, mzee."

Wakaingia watatu. Nikauliza tena. Bado mmoja. Akaingia mama na watoto wawili, ndoo na godoro. Bado mmoja. Ilipofika saa 12 na dakika 40 nilianza kuamini kwamba yuko mtu mmoja maalumu, anayejulikana, ambaye mabasi yote ya Kusini lazima yamsubiri, naye wakati huo yuko kwake anakunywa chai.

Saa moja kamili jogoo akawika.

Aliwika mara saba, kutoka mapajani kwangu, kwa sauti ambayo sikuitarajia kwa kitu cha betri mbili. Basi zima likanyamaza. Konda akaja mbio.

"Nani ana kuku humu?"

Watu wakainama kuchungulia chini ya viti. Nilitaka kunyamaza, lakini bibi mmoja wa siti ya pili alishaninyooshea kidole. Nikamweleza konda kwamba si kuku, ni saa.

"Saa gani inawika, mzee? Kuku haruhusiwi ndani. Kuku anakaa buti."

"Mwanangu, hii ni saa ya ukutani. Ni zawadi ya harusi."

"Fungua tuone."

Hapo ndipo tulipokwama. Ukifungua selotepu ya mke wangu huifungi tena ikawa vilevile. Atajua, na atauliza mbele ya watu. Nikakataa. Konda akasema basi nilipie mzigo, shilingi 1,500. Nikampa noti ya 2,000. Akasema chenji atanipa. Naomba msomaji aiweke akilini hiyo 500.

Tukatoka saa mbili kasorobo. Huyo mmoja hakuja, au alikuja mimi nikiwa nazozana.

Sasa, mimi najisifu kwamba najua kulalamika. Ni kazi yangu, ndiyo inayonilisha. Tulipopita Vikindu nilikuwa nimeshapanga malalamiko yangu vizuri: kuchelewa, joto, godoro la yule mama lililokuwa limenilalia bega. Nikamgeukia jirani yangu, mzee wa kofia ya kufuma na fimbo, mwenyeji wa Lindi, nikaanza.

"Shikamoo mzee. Usafiri wa huku mgumu."

"Marahaba mwanangu." Akanitazama kwa huruma. "Kwani wewe umeanza lini kupanda magari ya Kusini?"

"Leo."

"Ahaa. Basi subiri nikwambie."

Huyo mzee alininyang'anya malalamiko yangu yote, moja baada ya jingine. Nikisema tumechelewa saa mbili, yeye anasema mvua za El Niño alilala Ndundu siku nne akisubiri pantoni ivuke Rufiji, wanapika uji kando ya basi, na abiria wawili walioanza safari hawajuani walifika wameposana. Nikisema barabara ina matuta mengi, anasema matuta ni ya lami, yeye anakumbuka tope, na abiria wanaume wakishuka kusukuma basi huku wamelipa nauli kamili. Nikisema joto, anauliza: joto gani, na dirisha unalo? Tulipofika Kibiti sikuwa nimebaki na lalamiko hata moja la kwangu. Mtu anayetoka Dar kwenda Kusini kulalamika habari za barabara ni sawa na mtu aliyejikwaa kidole kwenda kulia wodi ya waliovunjika mguu.

Kuhusu kusimama njiani sitasema mengi. "Dakika tano, kuchimba dawa!" alipaza konda, na basi zima likamwagika porini, akina mama upande huu, akina baba upande ule, kila mtu kwenye kichaka chake kama mganga. Mimi nilibaki kulinda saa. Niliujutia uamuzi huo kuanzia Bungu hadi Ikwiriri.

Daraja la Mkapa tulilipita saa tano na ushei. Ni karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003, na tulipokuwa juu yake mzee alivua kofia akanyamaza mpaka tukavuka. Nikadhani anasoma dua. Kumbe anahesabu sekunde. "Dakika moja na kidogo," akasema. "Siku nne, mwanangu. Siku nne!" Ukweli ni kwamba alionekana kusikitika kidogo, kama mtu aliyeponywa ugonjwa uliokuwa ukimpa heshima kijijini.

Jogoo alikuwa ameshawika saa mbili, saa tatu, saa nne na saa tano. Abiria walishamzoea, watoto wakawa wanahesabu kwa sauti. Bibi wa siti ya pili ndiye aliyekuwa hataki suluhu.

"Sasa ni saa tano, yeye kawika mara kumi na moja. Huyo kuku wako hajui hesabu."

"Anahesabu Kizungu, bibi."

"Mfundishe. Anakwenda kukaa kwa watu."

Somanga wauza samaki walitufunika. Naomba niseme neno la heri hapa, maana safu hii haiwi na heri nyingi. Jina la wamachinga, hawa wanaotuuzia soksi na chaja kwenye foleni za Dar, husemwa kuwa limetoka kwa Wamachinga, watu wa mkoa huuhuu wa Lindi. Nikaona asili ya ufundi. Kijana mmoja wa korosho nilimpa noti ya 10,000 dirishani na basi likaondoka kabla hajanirudishia. Nikasema hiyo imekwenda. Kijana akalifukuza basi kama linamwita kwa jina, akaruka, akanirushia chenji yote kupitia dirisha la abiria wa nyuma, ikapokezwa mkono kwa mkono hadi kwangu, haikupungua hata 100. Na konda, aliyesimama hatua mbili kutoka kitini kwangu, akageuka kutazama mandhari.

Hapohapo maeneo ya Somanga mzee alinionyesha mahali maji yalipoikata barabara Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya. Kusini ikawa kisiwa kwa siku kadhaa, magari yamepanga foleni huku na kule yanatazamana. Nikamuuliza kama na siku hiyo alikuwepo. Alikuwepo. Mzee huyo ana nyota ya kukwama ambayo sijaiona kwa mtu mwingine.

Saa nane mchana basi likasimama.

"Kilwa! Wa Kilwa washuke!"

Nikashuka na begi langu, na kanzu yangu kwenye hanga, na jogoo wangu, ambaye kwa adabu zote aliagana na abiria kwa kuwika mara mbili. Basi likaenda zake Lindi. Nikatazama. Palikuwa na njia panda, maduka, mama mmoja wa mihogo ya kukaanga, bodaboda kumi na tano na vumbi. Bahari haikuwepo. Harusi haikuwepo. Mke wangu hakuwepo.

"Samahani dada, hapa ndipo Kilwa?"

"Hapa Nangurukuru," akasema mama wa mihogo.

"Kilwa iko wapi?"

Akainua macho kutoka kwenye karai. "Kilwa ipi?"

Wasomaji wangu wa Dar, nyinyi mnaokaa Barabara ya Kilwa kama mimi, nawaambia kitu ambacho hakuna kondakta atakayewaambia. Kilwa ziko tatu. Iko Kilwa Kisiwani, ya masultani, ambayo iko baharini. Iko Kilwa Kivinje, iliyotajirika karne ya kumi na tisa kwa misafara ya pembe na watumwa kutoka bara, na boma la Wajerumani bado limesimama pale pwani likiporomoka polepole. Na iko Kilwa Masoko, yenye ofisi za wilaya na bandari. Na hayo yote pamoja na Nangurukuru yako ndani ya Wilaya ya Kilwa, kwa hiyo konda aliyenishusha hakusema uongo. Angeweza kunishusha hata Somanga, na kisheria angekuwa kanifikisha.

Na kuna ajabu nyingine. Pale Mbagala mji mzima unapiga kelele "Kilwa, Kilwa!" Kadiri unavyoikaribia Kilwa, jina la Kilwa linapungua. Ukifika Nangurukuru limekwisha kabisa. Wapiga debe wanaita "Masoko, Masoko!" au "Kivinje, Kivinje!" Ukisema "Kilwa" wanakutazama kama mtu aliyepanda daladala Kariakoo akasema anakwenda Tanzania.

Simu ya mke wangu haikupokelewa. Kadi ya mwaliko, niliyoisoma mara tano, ilisema "nyumbani kwa bwana harusi, Kilwa". Nikawa nafikiri kwa akili zangu za mjini: harusi kubwa lazima iwe makao makuu ya wilaya.

Magari ya pale ni Noah. Mimi nimezoea daladala iliyoandikwa ubavuni inakotoka na inakokwenda, ina mstari wa rangi, hata asiyejua kusoma anaijua. Nikamuuliza kijana mmoja hii Noah inakwenda wapi. Akaniambia, kwa upole kabisa, imeandikwa mbele. Nikazunguka mbele. Imeandikwa "Subira".

Nabii Nuhu alipakia wawili wawili. Noah ya Nangurukuru inapakia wanne wanne, na mbele watatu pamoja na dereva, ambaye anabadilisha gia kwa kuomba radhi. Nilihesabu vichwa kumi na kimoja na mtungi wa gesi. Utingo akatoka mbio ananielekea, mikono ameitanua, uso unamng'aa.

"Mzee! Bado mmoja!"

Nataka nikiri udhaifu wangu. Nimesikia "bado mmoja" tangu alfajiri. Nimemlaani huyo mmoja kuanzia Rangi Tatu. Na sasa, kwa mara ya kwanza maishani, huyo mmoja alikuwa mimi. Watu kumi na mmoja walikuwa wananitazama mimi. Niliona fahari ambayo sijui niifananishe na nini. Nikapanda, nikabanwa kati ya mtungi na mama mwenye kapu la dagaa, mlango ukapigwa kofi, Noah ikaondoka saa hiyohiyo. Sikuuliza inakwenda wapi. Mtu anayesubiriwa hivyo haulizi.

Ilikuwa inakwenda Masoko.

Njiani tulisimama kwenye njia panda ya Singino, wakashuka watu wawili waliovaa vizuri mno, wamejipaka marashi. Mmoja ana sufuria jipya lililofungwa karatasi inayong'aa. Nikawaza: lo, kumbe na huko kuna harusi. Nikawatakia heri moyoni.

Masoko ni mji mzuri, mpana, una upepo, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anaoa. Nilizunguka na bajaji dakika ishirini tukisikiliza kama kuna ngoma. Dereva wa bajaji, kijana mwenye heshima zake, kila nikimuuliza kama ni mbali ananijibu "hapo tu". "Hapo tu" ya Kilwa ni kipimo cha umbali kisichopungua kilomita mbili. "Mbele kidogo" ni kilomita tano. Na mtu akikwambia "ni mbali kidogo, mzee", rudi nyumbani kwako. Saa tisa na robo simu ikalia.

"Uko wapi wewe?"

"Niko Kilwa."

"Kilwa ipi?"

Sikumjibu mara moja. Nilitaka kumkumbusha nani aliyesema "shuka Kilwa", lakini miaka ya ndoa imenifundisha kwamba kuna kweli zinazoweza kusubiri.

"Masoko," nikasema.

Upande wa pili pakawa kimya, kisha kicheko cha dada zake wanne, kimoja kimoja, kama mabomba ya mvua yanavyoanza kumwaga. "Harusi iko Kivinje! Bwana harusi ameshavaa! Shuka Singino, halafu uingie Kivinje, kila mtu anajua!"

Kila mtu anajua. Nililifikiria neno hilo katika Noah ya kurudi, ambayo ilingoja mmoja kwa nusu saa, na safari hii hakuwa mimi. Ndio ugonjwa wenyewe. Hakuna kibao kwa sababu kila mtu anajua. Hakuna ratiba kwa sababu kila mtu anajua. Gari halijaandikwa linakokwenda kwa sababu dereva ni mtoto wa fulani, na mtoto wa fulani anakwenda Kivinje, tangu lini mtoto wa fulani akaenda Masoko? Usafiri wote wa nchi hii umetungwa na wenyeji kwa ajili ya wenyeji, na mgeni ni mtu asiye na adabu anayeuliza maswali ya siri za ukoo. Na kabla hamjanitumia matusi kutoka Lindi: Dar ni hivyohivyo. Nimemwona mgeni kutoka Nachingwea amesimama kituo cha Zakhem saa nzima, anasubiri gari la kwenda "Mjini". Nilimwonea huruma. Sikumsaidia, nilikuwa nimechelewa.

Singino nikabadilisha tena. Noah ya tatu, ya bluu, iliyoandikwa "Mja Hana Hiari", ilinishusha Kivinje saa kumi na moja jioni. Niliona umati, niliona nyumba imepambwa, nilimwona mke wangu barazani mikono kiunoni. Nikaruka kutoka garini kwa haraka ya mtu anayetaka kusamehewa, begi mkono huu, kanzu mkono ule. Noah ikapiga honi, ikageuza, ikashika njia. Ilipokuwa imefika kama nyumba nne mbele nikasikia, kutoka ndani yake, jogoo anawika.

Mara tano. Kwa usahihi kabisa.

Yaliyofuata si ya gazetini. Niseme tu kwamba ndoa ilishafungwa, pilau lilibaki la chini, na bi harusi, binti mwenye akili, aliniambia, "Usijali baba mdogo, saa tunayo kwenye simu."

Kesho yake shemeji zangu waliona nimenuna, wakanipeleka Kisiwani. Tukakata kibali Masoko, tukashuka bandarini, tukapanda mashua. Mashua ilikuwa inasubiri wawili. Nikakaa kwenye ubao wake jua linanichoma utosi, nikamkumbuka Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Si lazima ausifu? Kwanza wakati wake, kwa msafiri, Kilwa ilikuwa moja. Hakuna aliyemuuliza "ipi?" Pili, alikuja kwa chombo chenye ratiba. Kaskazi inakuleta, kusi inakurudisha, kila mwaka, na upepo haujawahi kumwambia abiria kwamba bado mmoja.

Kisiwani pametulia. Msikiti Mkuu na matao yake, Gereza ukingoni mwa maji, na huko juu Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye birika la kuogea la pembe nane. Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, uliyaingiza magofu hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Zakhem nilisahau kulalamika. Nilikaa kwenye ukingo wa lile birika kavu nikitazama bahari, nikasikia mtoto wa shemeji anasomewa habari za sarafu. Kilwa ilikuwa inafua sarafu zake yenyewe za shaba. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu chache kwenye kisiwa kimoja kaskazini mwa nchi yao. Miaka mingi baadaye zikachunguzwa, tano zikatambuliwa kuwa za Kilwa.

Hapo malalamiko yangu yakarudi yote kwa mkupuo. Sarafu ya Kilwa imevuka Bahari ya Hindi ikafika Australia. Shilingi 500 yangu imeshindwa kuvuka hatua mbili kutoka kwa konda hadi siti yangu, basi moja, safari moja, mkoa mmoja.

Siku ya kurudi nilikwenda kukata tiketi nikiwa mtu mwingine. Nimejifunza. Nikamsalimu dada wa tiketi, nikamwambia kwa sauti ya mwenyeji:

"Dar."

Hakuinua hata kichwa. "Dar ipi?"

"Dar ni Dar, dada yangu. Mimi nimekaa miaka 22."

"Kuna inayoishia Mbagala, kuna inayokwenda mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi. Dar ipi?"

Ya Mbagala ilikuwa bado mmoja. Ya Mbezi ilikuwa inawasha injini. Nikapanda ya Mbezi, nikamwambia konda anishushe Rangi Tatu, akasema hakuna shida, nikalala. Niliposhtuka ilikuwa usiku, watu wanashusha mizigo Mbezi Luis. Nilikuwa nimepita mlangoni kwangu, Barabara ya Kilwa, nimelala, mdomo wazi.

Sasa niwe na ombi moja tu, na liwafikie wa Nangurukuru, wa Singino na wa Kivinje yenyewe. Ukipanda Noah ya bluu iliyoandikwa "Mja Hana Hiari" ukasikia jogoo anawika chini ya siti ya nyuma saa inapotimia, tafadhali usitafute kuku. Ni saa, ina karatasi inayong'aa na selotepu nyingi. Mwachie mama wa mihogo pale njia panda ya Nangurukuru, ananijua. Mwambie ni ya yule mzee aliyekuwa anakwenda Kilwa. Akikuuliza ipi, mwambie zote.